Boga Lililonyooshewa Kidole

Wanaonijua huku Thornton Heath, kusini mwa London, wakisikia habari yangu yoyote huigawa kwa nne, ndipo wakaiamini. Hii ya boga nawaomba muigawe kwa mbili tu. Nusu itakayobaki ni kweli tupu, na nusu hiyo ndiyo iliyoniacha kinywa wazi mpaka leo nikitafuna nasikia upepo.

Jina langu Hamad, mtu wa Wete, fundi wa mabasi mstaafu. Nilipostaafu nilidhani mke wangu, Bi Suad, atafurahi kuniona ndani mchana kutwa. Wiki ya kwanza alifurahi. Ya pili nikampangia upya makabati ya jikoni kwa mtindo wa gereji, vikombe kwa ukubwa, bizari kwa uzito, na mwiko nikautundika ukutani kwa msumari kama spana. Ya tatu wakaja wenzake wa kisomo, nami nikawasimulia jinsi nilivyolisukuma peke yangu basi la ghorofa mbili kutoka Croydon hadi Brixton kwa sababu limezimika na abiria mmoja ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Walicheka mpaka chai ikapoa na kisomo kikasahaulika. Walipoondoka, Bi Suad alikaa akanitazama kwa upole ulionitisha.

"Baba Siham," akasema, "nakupenda. Lakini tafuta pa kwenda."

Pa kwenda pakawa shamba. Msinitolee macho. Shamba lenyewe ni kipande cha ardhi kisichozidi sebule mbili, nyuma ya njia ya tramu upande wa Croydon, tunachokodishwa na chama cha wakulima wa mtaani. Waingereza wanaita alotimenti. Wenzangu wamepanda viazi na maua ya kunusa. Mie nimepanda mchicha, vitunguu thomu, na boga, mbegu zake nimezitoa katika kipande nilichonunua barabara kuu, kitamu mpaka nikalamba gazeti kilimofungiwa. Kila asubuhi naondoka na chupa ya chai, jioni narudi na udongo kwenye magoti, na nyumba yangu ina amani. Hilo ndilo shamba kwangu. Kwa Bi Suad ni zaidi ya hilo.

Mwaka huu baridi iligoma kuondoka, nikachelewa kupanda. Mpaka Agosti inaingia, mmea ulikuwa umeshapanda kibanda cha zana ukashuka upande wa pili, majani mapana kama miavuli, lakini maua yote ni dume. Madume matupu, yamesimama kama vijana kwenye kituo cha basi wasio na safari. Bi Suad alikuwa akija kuchuma majani ya kupika, ananiuliza, "Boga?" nami najibu, "Linakuja." Ndipo asubuhi moja nikaona jike. Moja tu! Chini ya ua lake kitoto cha boga kama ngumi ya mtoto mchanga. Nyuki hawakuwepo, hapa nyuki nao wana likizo. Nikachuma dume, nikalivua nguo, nikalisugua ndani ya jike kwa mkono wangu, Bismillahi, na nikalitandikia kigae chini lisilale kwenye maji.

Sasa, mtu wa kwetu hana haja ya kuelezwa. Boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea, linasinyaa, linaoza, linadondoka. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja kidole ukaonyesha kwa kifundo, au unaelekeza kwa kidevu. Hili nimelijua kabla sijajua kufunga vifungo vya shati.

Siku ya tatu baada ya harusi ile ikaja kamati kukagua mashamba. Kamati ni watu watatu. Mwenyekiti ni Bi Alka, mhasibu, mwanamke wa Kihindi wa makamo aliyezaliwa huku huku, mwenye buti safi kuliko sahani zangu. Wawili ni Waingereza: bwana mmoja mrefu mwenye mbwa, na mama mmoja wa kofia ya sufu ambayo sijapata kumwona bila yake hata kwenye joto. Wakatazama mchicha wangu, wakatikisa vichwa kwa heshima. Bi Alka akalifunua jani la boga kwa ncha ya buti.

"Na hiki nini?" akauliza.

Akanyoosha mkono. Mwisho wa mkono, kidole. Kimenyooka kama msumari, kinalitazama boga langu usoni!

Mwili wangu haukuniomba ruhusa. Miguu hii, ambayo daktari ameiandikia dawa za viungo, iliruka tuta zima la mchicha. Kabla sijajua nimefika nilikuwa nimekidaka kile kidole kwa mikono miwili na nimekikunja, taratibu lakini kwa imani, mpaka kikaingia kiganjani mwake.

Mbwa akakaa chini.

Hapo ndipo akili ikanifikia, imechelewa kama kawaida yake. Nimemshika mwanamke. Si mke wangu, si dada yangu, si mwanangu. Mbele ya watu. Mie, ambaye dukani nikipewa kitu na msichana humwomba akiweke juu ya meza! Nikauachia mkono ule kama sufuria ya moto. Bi Alka alikuwa ameufumbata kifuani, macho yamemtoka. Ikabidi niseme kitu, na Kiingereza changu kikikabwa hutoa neno lililo karibu. Nikawaambia kwamba boga lina haya.

Mama wa kofia akarudi hatua nyuma. Wakaondoka bila kukagua shamba la pili.

Nilifika nyumbani nikiwa nimeshapanga jinsi ya kulisimulia jambo lile ili lichekeshe. Nikachelewa. Simu ya nyumbani ilikuwa sikioni mwa Bi Suad, naye amesimama wima kama anayesikiliza habari ya msiba.

"Ameshika nini?" alikuwa akiuliza kwa Kiingereza. "Kidole? Kidole cha nani?" Akahamishia simu sikio la pili. "Chako wewe?"

Akaiweka simu chini. Akakaa. Akasimama. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akanitazama tena kama anayehakikisha ni mimi.

"Baba Siham. Umri huu?"

"Nilikuwa naliokoa boga."

"Ungeliacha life!"

"Ndiyo kwanza limetungwa, Bi Suad, bado lina ua."

"Lahaula! Wewe una wajukuu. Nitauweka wapi uso wangu? Watu watasema mume wa Suad amestaafu mabasi ameanza vidole."

Halafu akanieleza alichoambiwa. Kanuni ya chama ni fupi: anayemgusa mwenzake kwa nguvu hunyang'anywa shamba. Bi Alka ni mtu wa kanuni, lakini si katili. Ataniacha nivune nilichopanda, na kikao kitakaa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo, nikikosa utetezi, ufunguo wa geti naurudisha.

"Na ukinyang'anywa," Bi Suad akauliza polepole, "baridi yote utakuwa wapi?"

"Hapa. Na wewe."

Akatazama makabati yake. Nimeishi na mwanamke huyu tangu nywele zangu nyeusi. Nimemwona akijifungua, nimemwona akizika. Sijapata kumwona amepauka vile.

"Basi usipoteze muda," akasema. "Tafuta utetezi."

Utetezi nilikuwa nao. Nilijua kidole kile kilikuwa kimeshanyooka kabla sijakifikia. Boga lazima lioze. Siku ya kikao nitaliweka mbele yao limenywea na kunuka, niwaambie: oneni wenyewe, ni kidole cha mwenyekiti kilichofanya haya, mie nilikuwa nazuia uharibifu wa mali. Hata Mwingereza angeelewa.

Nikaenda kesho yake kuliangalia likioza. Halijaoza. Nikaenda keshokutwa. Limekuwa kama kikombe. Baada ya wiki, kama birika la chai. Nikaanza kuingiwa na hofu, yakhe. Mkulima gani huyu anayeamka alfajiri kuomba boga lake lioze? Lakini kila lilivyonenepa, utetezi wangu ulikonda. Likifika kikaoni lina afya, maana yake ni moja tu: kidole hakidhuru, na Hamad ni mzee mwenye wazimu anayeshika wake za watu.

Mwisho wa Agosti nilitazama kushoto na kulia, nikafanya jambo ambalo mama yangu angelisikia angefufuka. Nikalinyooshea kidole. Halikushtuka. Nikalinyooshea vyote kumi. Nikavua buti na soksi, nikakaa chini, nikalinyooshea na vya miguuni. Nikamaliza vidole vyote alivyoniumbia Mola, nikabaki nimekaa kwenye tope, miguu juu, na tramu ikapita imejaa watu, wote wamegeuka upande wangu.

Kesho yake lilikuwa limeongezeka shibiri!

Nilirudi nyumbani nikamwambia Bi Suad kila kitu, kwa sababu mshangao mkubwa haukai tumboni mwa mtu mmoja. Alisikiliza mpaka kwenye soksi. Akaniomba nisimwambie mtu mwingine.

Septemba likawa kama kichwa cha ng'ombe. Oktoba, majani ya miti yanapukutika na ukungu unalala juu ya mashamba mpaka saa nne, likafika ukubwa wa tairi la mbele la basi, na tairi la basi nalijua. Kwetu miezi hii tungeiita vuli, lakini huku mvua hainyeshi kwa msimu, hunyesha kwa mazoea. Mmea ukakauka, ukabaki kamba za kahawia, na boga katikati yake peke yake, rangi ya udongo uliochomwa, linameremeta kwa umande. Watu wa mashamba mengine wakawa wanaleta wageni kulitazama. Madereva wa tramu walipunguza mwendo. Kunguru alitua juu yake akaita wenzake, wakakaa kikao.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao changu mimi, nilibonyeza ganda kwa ukucha, ukucha haukuingia. Nikaligonga kwa kifundo, likajibu du, du, sauti ya mtu mwenye nyumba. Limekomaa. Nikalikata, nikaliachia kikonyo chake kirefu, na hapo nikakumbuka kwamba sikufikiria litafikaje nyumbani.

Nikaazima kigari cha mtoto, cha mjukuu wangu. Nikalipakia, nikalifunga mkanda, nikalifunika kiblanketi kwa sababu manyunyu yalianza. Kwenye basi abiria wakanipisha nafasi ya vigari. Bibi mmoja wa Kijamaika akainama na tabasamu lote la Jumamosi, akafunua kiblanketi kumwona mtoto. Alipiga yowe, dereva akafunga breki.

"Kamfuata baba yake," nikamwambia.

Njia nzima kutoka kituoni mpaka kwangu niliona jambo ambalo miaka yote hii sijalizoea. Milangoni mwa watu, maboga ya ile sikukuu yao ya mizimu. Mazima, mazuri, ya kula, yametobolewa macho, yamechongwa meno, na nyama yake imetupwa kwenye pipa la taka. Mshumaa ndani! Nilipita nikiwa nimemfunika wangu uso asione.

Jikoni, kisu kilikataa. Bi Suad alishikilia panga juu ya boga, nami nikapiga panga kwa nyundo ya mpira niliyopewa gereji siku ya kuagwa. Pigo la nne likapasuka, pwaa, na harufu ikatoka kama ya tikiti lililolala ndani ya mua. Ndani ni rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Bi Suad alikata kipande kidogo kibichi, akatafuna, akafumba macho.

"La unga," akasema kwa sauti ya chini.

Boga la maji unalipata popote, hata kwenye makopo. La unga, linalovunjika kama muhogo wa kuiva, hilo mtu anaweza kuishi London mpaka akasahau kwamba liko. Alilikata vipande na ganda lake, akaviinjika kwa tui jepesi na chembe ya chumvi, akafunika. Mbegu nikaziosha nikazitandaza kwenye trei kuzikaanga. Lilipolainika akatia sukari, iliki aliyoitwanga mwenyewe, na mwisho tui zito, na akapunguza moto. Vioo vya madirisha vikafunga mvuke. Kwa muda nilisahau kwamba kesho yake ni hukumu.

Kengele ya mlango ikalia.

Nilimkuta mzee wa Kihindi, mfupi, koti limemfika vifundoni, mwavuli ameushika kama rungu. Nyuma yake mvua.

"Wewe ndiye Hamad mshika vidole?" akauliza. Kwa Kiswahili! Cha Tanga, kilichonyooka kuliko changu.

Nikaificha mikono yangu nyuma.

"Naitwa Kailash. Alka ni binti yangu. Nilifichwa habari hii miezi miwili, leo nimemsikia akizungumza kwenye simu, anwani nikaitoa kwenye daftari lake. Toka nje, bwana. Toka tuzungumze wanaume."

Bi Suad akatokea nyuma yangu, mwiko mkononi.

"Karibu ndani, baba, mvua inakunyeshea," akasema. "Matusi utayatolea ndani."

Mzee alisita. Naye, nadhani, ile harufu ilikuwa imeshamfikia. Akafuta viatu, akaingia, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti, kuonyesha kwamba amekuja kwa ugomvi.

"Binti yangu nimemlea kwa heshima," akaanza. "Mtu hajapata kumgusa hata ukucha. Niambie kwa kinywa chako, mzee mzima na mvi zako. Kwa nini?"

"Alilinyooshea boga kidole."

Mwavuli ukashuka kidogo.

"Boga gani?"

"Boga. La kupandwa."

"Limekomaa?"

"Changa. La siku tatu. Ua lake lilikuwa halijadondoka."

"Are!" Bwana Kailash akasema, na mwavuli ukaanguka sakafuni. "Changa? Na ua? Kidole hiki?" Akainua cha shahada, kisha akakikunja haraka kama kimeungua, ingawa boga lenyewe lilikuwa sufuriani limeiva. "Hakulitaja hilo! Nilimsikia akisema mzee mmoja kamrukia!" Akatoa simu mfukoni, akaibonyeza kwa hasira. "Alka. Njoo. Sijali uko wapi, njoo hapa kwa Hamad, sasa hivi."

Hawaishi mbali. Alka alifika anahema, ameamini tumeuana. Anakisikia Kiswahili vizuri, lakini humjibu baba yake kwa Kiingereza. Mie nayaweka hapa kwa lugha yetu. Alimkuta baba yake amevua koti na mkononi ana bakuli.

"Papa, unakula?"

"Usibadili maneno. Ulilinyooshea boga changa kidole?"

"Nilikuwa nauliza ni kitu gani."

"Mbele ya mwenyewe?"

"Papa, ni kidole!"

"Bibi yako angekuona angekutoa nje ulale na kuku."

"Hatukuwa na kuku. Tulikuwa tunaishi Harrow."

"Angekununulia!"

Bi Suad akageukia jiko, mabega yakimtikisika. Alka akashusha pumzi, na macho yake yakaenda mezani, kwenye nusu ya pili ya boga ambayo hatujaikata, iliyokalia meza yote mpaka vikombe vimehamia dirishani. Niliyaona mawazo yakimpanda taratibu, na moyo wangu ukashuka kwa mwendo ule ule.

"Hili ndilo?" akauliza. "Hili hili nililolinyooshea?"

Baba yake akalamba kijiko.

"Basi halikuoza!" Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. "Tazameni! Nimelinyooshea kidole, na limekuwa hivi! Kwa hiyo hayo yote si kweli. Bwana Hamad alinirukia bure!"

Ndilo neno lile lile nililoliogopa tangu Agosti. Nilishika ukingo wa sinki. Nikamwona mwenyekiti kesho anasema hivyo hivyo mbele ya wenzake, nikaona ufunguo wa geti unatoka mkononi mwangu, nikajiona Januari, nimekaa kwenye kiti kile, nampangia Bi Suad bizari kwa alfabeti. Bi Suad naye nadhani aliona picha hiyo hiyo, maana mwiko ulisimama hewani.

Bwana Kailash alimaliza kutafuna. Akaweka bakuli chini kwa utulivu wa mtu aliyekaa dukani miaka mingi akiwasikiliza wateja wanaodhani wanajua bei.

"Alka," akasema. "Wewe una digrii mbili. Kwa nini halikuoza?"

"Kwa sababu kidole hakiozeshi boga."

"Halikuoza kwa sababu huyu mzee alikikunja! Kabla halijadhurika! Kama asingeruka, leo ningekuwa nakula nini?"

Miezi miwili sikulala usingizi wa kushiba, nimelaani boga, nimelinyooshea vidole ishirini, na dawa ilikuwa pale pale! Alka alionekana kama mtu aliyejumlisha hesabu akapata jibu ambalo si lake.

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema. "Nilikiwahi."

Bi Suad akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu kidogo, nami nikaomba Mungu asizitaje soksi. Hakuzitaja. Akapakua bakuli jingine akamwekea Alka. Alka akalitazama kama anayekaribishwa rushwa, akaonja ncha ya kijiko, akakaa chini. Alipomaliza la pili akajifuta mdomo.

"Hii haibadilishi kanuni," akasema.

"Hakuna aliyesema inabadilisha, mwanangu," Bi Suad akamjibu. "Ongeza tui."

Jumapili kikao kikakaa kwenye kibanda cha chama, baridi imeingia mpaka kwenye vikombe. Alka, kwa kuwa ndiye mlalamikaji, alikataa kuhukumu; akakaa pembeni, mikono mapajani, vidole vyote vimekunjwa. Wakabaki bwana mrefu na mama wa kofia. Bi Suad alikuwa ameleta sufuria nzima, ameifunga taulo, akaiweka mbele ya majaji, akaifunua.

Nikajieleza. Nikaomba radhi kwa Bi Alka, na hiyo sikuitia chumvi hata chembe, kwa sababu mwanamke yule alishtuka, na mshtuko wa mtu haufutwi kwa kuwa boga limepona. Kisha akasimama Bwana Kailash kutoa ushahidi, na hapo nikasahau kwamba mshitakiwa ni mimi. Alisema Kiingereza cha mahakamani. Aliwaambia kwamba Tanga, ofisa mmoja wa forodha alilinyooshea kidole boga la jirani yake, na usiku ule ule yakaoza maboga ya mtaa mzima, na mnanasi mmoja uliokuwa karibu. Mama wa kofia aliacha kijiko kinywani. Bwana mrefu akauliza kama ofisa yule alishitakiwa. Bwana Kailash akasema alihamishwa.

Walinong'ona. Walipakua tena, wakanong'ona tena. Mwishowe bwana mrefu akasafisha koo.

Shamba sinyang'anywi. Lakini kanuni ni kanuni, na mimi ni mtu ninayeruka. Kwa hiyo kuanzia leo nisikanyage shambani bila mdhamini wa kunichunga, mtu mzima mwenye busara, anayezijua desturi hizi na anayeweza kunishika kabla sijamshika mtu. Bwana Kailash hakungoja waulize nani. Alikuwa ameshainua mkono.

"Kila siku?" Bi Suad akauliza kutoka nyuma.

"Kila siku anayokwenda," akasema bwana mrefu.

"Kuanzia asubuhi?"

"Asubuhi mpaka giza," Alka akadakia kwa haraka iliyomshangaza hata baba yake. "Papa yuko huru. Papa yuko nyumbani na mimi wakati wote. Wakati wote, Bi Suad."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Sijui walichosomana, lakini Bi Suad alimjazia Alka chombo cha plastiki cha kwenda nacho, akakifunga kwa mikono yake.

Jumatatu nilifika shambani kupanda thomu, maana thomu huku hutiwa ardhini kabla ya baridi kali. Nilikuwa nimejiandalia habari ya basi la Brixton; mtu mpya hajaisikia, nilikuwa nimeiongezea na mvua ya mawe. Bwana Kailash alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya tuta langu, chupa ya chai miguuni, blanketi magotini.

"Umechelewa," akasema. "Chimba, mie nakuchunga."

Nikachimba. "Bwana Kailash," nikaanza, "siku moja nilikuwa Croydon, basi la ghorofa mbili—"

"Mabasi madogo," akasema. "Ngoja nikwambie la gari moshi. Baba yangu alipanda boga karibu na reli, pale Tanga. Mmea ukapanda behewa. Gari likaondoka. Mmea haukukatika, ukaenda nalo! Muheza ukatoa ua. Korogwe ukashika tunda. Mizizi iko Tanga, inanyweshwa na mama yangu kila jioni, na boga linakua njiani. Kufika Moshi limejaza behewa zima, halitoki mlangoni, halitoki dirishani. Stesheni masta akasema, basi, na mimi sina nyumba. Akahamia ndani na mkewe."

Nilisimama na jembe. Watu wamenisikiliza mie maisha yangu yote wakiwa na uso ule wa tabasamu la kujilazimisha, na sikujua unavyouma mashavuni ukiwa nao wewe.

"Ndani ya boga?"

"Walikaa miaka miwili. Usinikatize. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa humo, wa rangi ya njano."

Tramu ikapita. Punje ya thomu ilikuwa mkononi mwangu, haijafukiwa.

"Enhe," nikasema. "Na moshi wa jiko, walikuwa wanautoa wapi?"